"Must" na Mguu wa Sadoki

Kila kijana anayenijia siku hizi akitaka kuwa mkalimani huniuliza swali lile lile, tena akiwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi: "Mzee, must kwa Kiswahili ni nini?" Nikimwambia akae kwanza, anaona namzungusha. Anataka neno moja, aliandike, aondoke. Nikimpa lazima, anaandika lazima, anashukuru, na kesho yake anakwenda kuharibu kazi ya watu.

Kwa hiyo nimeamua kuandika, nisichoshwe tena mlangoni. Nilifanya kazi ya kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana, Kibondo na Kasulu, mpaka mkataba wangu wa mwisho ulipoisha na sikuona sababu ya kutafuta mwingine. Sikusomea ukalimani. Nilimaliza darasa la saba, nikapata kazi ya kutunza stoo katika kambi ya wakimbizi, na Kiingereza nilikiokota humo kwa redio, kwa kamusi isiyo na jalada, na kwa kusikiliza madereva wa malori wakigombana na mabosi wao. Nawaambia haya ili msidhani nawaletea mambo ya chuoni. Nawaletea mambo ya benchi la hospitali.

Tuanze na hilo neno, tumalizane nalo. Mwingereza ana must moja anayoipeleka kila mahali. Sisi hatufanyi hivyo. Mtu mwenye mamlaka akiamuru, sawa, hiyo ni lazima. Lakini daraja likivunjika na gari likashindwa kupita, hakuna aliyeamuru. Hapo inabidi tulale Kasulu. Ukisema "lazima mlale Kasulu" unawafanya abiria wamtafute mtu wa kumlaumu, na wewe ndiye uliye karibu. Kitu kikiwa mlango wa kupatia kitu kingine, sema sharti. Likiwa jambo la dhamiri, sema yakupasa, na uliseme polepole, kwa sababu watu wakilisikia wanadhani uko kanisani au msikitini.

Halafu kuna must ya kukisia, ambayo imewaaibisha vijana wengi kuliko zote. Nilimsikia mmoja kwa masikio yangu. Mzee mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka upande wa Kakonko, na mgeni akamwambia kwa huruma kwamba bila shaka amechoka, kwa Kiingereza cha must. Kijana akamgeukia mzee: "Anasema lazima uchoke."

Mzee akamtazama. "Nimeshachoka. Au niongeze?"

Ya kukanusha ni mbaya zaidi, kwa sababu haichekeshi. Must not ni marufuku. Ukimwambia mgonjwa "si lazima kunywa pombe na dawa hizi", umempa ruhusa ya kunywa, na atakunywa akijua amefuata masharti. Nimesharudia jambo hili mpaka midomo imekauka. Bado nasikia si lazima zikitupwa huku na huku kama mbegu.

Aliyenifundisha kuwa na adabu na neno hili alikuwa Balthazari, mkalimani wa mahakama aliyestaafu, ambaye nilimkuta Kasulu akitengeneza redio kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mwarobaini, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Tanga na ambaye watu walimpa jina hilo la mti mchungu kwa ukali wa ulimi wake. Balthazari naye hakuwa mtu mtamu. Siku ya kwanza nilimwambia kwa fahari kwamba najua must ni lazima. Hakuinua uso kutoka kwenye redio.

"Unamwambia mtu lazima," alisema, "halafu wewe unakwenda kunywa chai. Yeye abaki anafanya nini na hiyo lazima yako?"

"Atatii."

"Atatii nini? Mwulize aliyeisema: na huyu asipofanya? Akikujibu atafungwa, hilo ni neno moja. Akikujibu atakufa, hilo ni neno jingine. Akikujibu hakuna kitu, basi hakusema must, amekohoa tu. Niletee hiyo bisibisi."

Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya chuo kikuu. Kila nilipoisikia must nilimgeukia aliyeisema nikamwuliza: na asipofanya? Wengi walikasirika. Walidhani nawabishia. Sikuwa nabisha, nilikuwa napima mzigo kabla sijaubeba.

Sasa niwaeleze kuhusu Bi Helga na mguu wa Sadoki, maana hapo ndipo mtaona kwamba kujua maneno hakutoshi.

Bi Helga alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Ulaya ya kaskazini. Alikaa Kibondo, na kila Jumatano alikuja Kasulu kuwahudumia watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Watu walimwita Dokta, na yeye kila mara alikataa, na kila mara waliendelea. Kiingereza hakikuwa lugha yake. Alikisoma shuleni kama mimi nilivyokisoma stoo, na katika lugha ya kwao, kwa jinsi nilivyomwelewa, watu huagizana kwa mkato bila kukosana. Basi kwake kila kitu kilikuwa must. Mama must anawe mikono. Mama must akae kwenye foleni. Watoto must wavuliwe kofia. Kuku must asiingie ndani. Nilikuwa nabeba must tangu asubuhi mpaka mgongo unauma.

Akaagiza masharti hayo yaandikwe kwenye mlango wa kliniki yake. Fundi wa mabango aliyepewa kazi hiyo alikuwa na rangi nyekundu imebaki, akaandika LAZIMA juu kabisa, kubwa kuliko maneno yaliyofuata, ambayo alilazimika kuyabana chini kama sisimizi. Jumatano hiyo tulifika tukakuta kina mama wamejipanga ng'ambo ya barabara na watoto wao mgongoni. Mmoja alikuwa ametumwa kuuliza ni nani amekamatwa. Neno hilo, katika vilima hivi, watu walilizoea kwa mgambo na wakusanya ushuru. Hawakuwahi kuliona kwenye mlango wa kitu kizuri.

Sadoki aliletwa akiwa na umri wa wiki chache tu. Unyayo wake wa kulia ulikuwa umegeuka ndani na juu, kiasi kwamba angekanyaga, angekanyaga kwa mgongo wa mguu. Alikuja na mama yake, Jeni, msichana mpole wa Rungwe Mpya ambaye mumewe alikuwa Urambo kwenye tumbaku, na mama mkwe wake, Bibi Agripina. Jeni alimbeba mtoto. Bibi Agripina alibeba kila kitu kingine, pamoja na maamuzi.

Tiba yenyewe haina upasuaji mkubwa, ina uvumilivu. Unyayo unanyooshwa kidogo kwa mikono, unafungwa plasta ngumu. Wiki inayofuata plasta inalowekwa, inatolewa, unyayo unanyooshwa tena kidogo, inafungwa nyingine. Ukishanyooka mtoto anavishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma. Miezi ya mwanzo anavaa mchana na usiku, halafu usiku tu, mpaka akue. Hapo kwenye viatu ndipo watu wanaposhindwa. Mtoto analia, mguu tayari umenyooka, kila mtu anauona, na bado unaambiwa umfunge chuma.

Siku Sadoki alipovishwa viatu mimi nilikuwa Kibondo. Aliyefasiri alikuwa Fideli, kijana wa kidato cha nne, Kiingereza chake kizuri kuliko changu, nasema bila kinyongo. Lakini Fideli alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kwetu Buha, nchi ya Waha, kijana hamwagizi mama mtu mzima. Hakuna aliyeiandika popote. Mdomo tu haufunguki. Bi Helga alisema must, akairudia, akagonga meza kwa kidole. Fideli akamgeukia Bibi Agripina, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiha laini kwamba Dokta anaomba, bibi akiweza, viatu visivuliwe.

Bibi akasema sawa. Bi Helga akaona kichwa kinakubali, akaandika kwamba wameelewa.

Mvua za kupandia zikaja. Walipoonekana tena, unyayo ulikuwa umeanza kurudi ndani.

Jumatano hiyo nilikuwepo. Bi Helga aliushika mguu, akaugeuza huku na huku, na uso wake ukawa mwekundu kama lile bango. Akaniambia kwa Kiingereza, haraka, kwamba viatu ni vichache, kwamba kuna watoto wengine wanangoja, kwamba familia isiyofuata maagizo inaondolewa, na kwamba wao must waelewe hii ni nafasi ya mwisho.

"Wasipoelewa?" nikamwuliza.

"Wewe nawe," akasema. "Nimechoka na swali lako."

"Nahitaji jibu ndipo niseme."

"Wasipoelewa, viatu vinakwenda kwa mtoto mwingine. Na huyu atatembea kwa mgongo wa mguu maisha yake yote."

Jibu hilo lingeweza kubebwa. Nikavuta kigoda, nikakaa, kwa sababu habari kama hiyo haisemwi umesimama. Nikamwamkia bibi kwa Kiha, mwakeye, nikauliza habari za nyumbani, za mvua, za maharage. Bi Helga alikuwa akitazama saa. Nilimwacha aitazame. Halafu nikamweleza bibi jibu lote kama lilivyo, la viatu na la mguu, bila kulitia sukari.

Bibi Agripina alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa nini hamkusema siku ile?"

"Ilisemwa, bibi."

"Haikusemwa. Kijana aliniambia nikiweza." Akamnyooshea Fideli kidevu. Fideli alikuwa ameegemea ukuta akiangalia vidole vyake. "Nilijaribu. Mtoto alilia, Jeni akalia, nami ilinibidi niende shamba. Sikuweza. Nikavivua. Nilifanya alivyoniambia."

Fideli akasema chini, "Samahani, bibi. Nisingeweza kukuamuru."

"Nani kakwambia uniamuru? Ungeniambia mguu utarudi. Mimi ndiye ningeamuru."

Sikieni hapo, nyie mnaotaka neno moja la kuandika. Fideli alidhani mbele yake kuna njia mbili, amuru au ubembeleze. Bibi Agripina hakuhitaji lolote kati ya hayo. Nyumba ile haikuwa na uhaba wa amri. Ilihitaji habari kamili, na amri ingetoka kwa mwenyewe. Nimeona wakalimani wenye miaka mingi kazini wasiolijua hili, na wakielezwa wanapiga miayo.

Nikamwambia, "Basi bibi, hilo neno si langu kukuambia. Ni lako kuwaambia watu wako."

Akamgeukia Jeni. Hakupandisha sauti. "Umesikia. Akilia, alie navyo. Na wewe ukilia, lia nje."

"Ndiyo, mama," Jeni akasema.

Nikamfasiria Bi Helga. Akashusha pumzi, akaanza kulowesha plasta ya kuunyoosha mguu upya. Mimi nikainuka, nikidhani kazi imeisha.

"Kaa," bibi akaniambia. "Sijamaliza. Mwambie na yeye lazima awepo."

"Bibi?"

"Kila Jumatano. Mara mbili mwezi ule wa plasta nimekuja kutoka Rungwe Mpya, nimekuta mlango umefungwa na hilo bango lake jekundu linanitazama. Mtoto plasta tumeshaitoa nyumbani kwa maji kama tulivyoagizwa, mguu uko wazi. Nikarudi nao hivyo hivyo. Mwambie lazima awepo."

Wakalimani, mnajua tunachofanya hapa. Amri ikishuka kutoka kwa mgeni, baadhi yetu tunaikaza mpaka watu wanavuka barabara. Ikipanda kwenda kwa mgeni, wote tunailainisha. Tunasema bibi anashukuru sana na angefurahi kama ingewezekana. Fideli alikuwa ameinua macho kutoka kwenye vidole vyake. Alitaka kuona nitafanya nini, na sikupenda alivyonitazama, kwa sababu hata mimi mkate wangu ulitoka mikononi mwa Bi Helga.

Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema you must be here. Kila Jumatano."

Mikono ya Bi Helga ikasimama ndani ya beseni. Tangu nimfahamu nilikuwa sijamsikia mtu akimwambia neno hilo. Nadhani hata yeye hakuzoea kuambiwa.

"Barabara," alisema. "Mvua zile gari lilikwama. Mwambie si kosa langu. Wakati mwingine siwezi."

Nikafasiri. Bibi akafikiri, akasema, "Hata mimi sikuweza. Mguu ukarudi. Yeye asipoweza, mguu utarudi vilevile. Mguu haujui nani mwenye kosa."

Nikafasiri hilo pia, neno kwa neno. Bi Helga aliinama kwenye beseni. Alitoa plasta majini, akaikamua, akaanza kuizungusha kwenye unyayo wa Sadoki, na alipomaliza akasema "okei" moja, kavu, akimtazama bibi. Hiyo haikuhitaji mkalimani.

Kabla sijaendelea, hili mlichukue. Nikiwa njiani na Bi Helga jioni hiyo nilimwomba achague. Haiwezekani kofia na kuku na foleni na viatu vya mtoto vyote viwe na uzito mmoja, nikamwambia. Mama akitoka hapa na must nyingi anaangusha ile kubwa. Alibisha mpaka tukapita mnada wa ng'ombe. Kisha akaanza kucheka, akasema kwao bibi yake mzaa baba aliishi hivyo hivyo, kila kitu amri, na hakuna mjukuu aliyemtii. Bango likafutwa. Kuku waliendelea kuingia. Sikuona mtoto aliyedhurika na kuku.

Kisha ikaja ile Jumatano ya Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi haikuacha. Barabara ya Kibondo wakati ule ilikuwa ya udongo, na lori la mahindi lilikuwa limelala upande kwenye mteremko na kuziba njia. Mimi na Fideli tulikuwa tumelala Kasulu. Mtandao wa simu haukuwepo. Ilipofika saa sita kina mama wengine walishakata tamaa wakaanza kufunga vitenge.

Bibi Agripina alikuwa kwenye benchi na Jeni. Plasta ilikuwa imeshatolewa tangu alfajiri, nyumbani. Mguu wa Sadoki ulikuwa nje, mwembamba, mweupe kwa unga wa plasta, na Jeni aliushika kwa kiganja upande ule ulionyooka, kana kwamba angeweza kuuzuia kwa mkono wake mpaka wiki inayofuata.

"Bibi," Fideli akasema, "lori limeziba. Leo sidhani."

"Umenipa habari," bibi akamjibu. "Asante. Nakaa."

Saa nane ikapita. Fideli aliniuliza kwa Kiingereza, ili bibi asielewe, kama hatuwezi kuifunga plasta wenyewe. Nikamwambia kwa Kiswahili, ili bibi aelewe, kwamba hatuwezi, kwamba ukiifunga vibaya unaweza kuua mguu mzima. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutazama barabara.

Ilikuwa karibu saa kumi tulipoona pikipiki ikija kwa kuteleza, dereva ametanua miguu kama bata. Nyuma yake alikaa Bi Helga. Alikuwa amefunga mzigo kifuani ndani ya mifuko ya nailoni, chini ya koti, na kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa na rangi ya barabara. Baadaye dereva alitusimulia kwamba Bi Helga aliacha gari nyuma ya lori, akapita porini kwa miguu mpaka alipompata yeye upande wa pili, na kwamba huyu mama wa kizungu ana mdomo. Bi Helga hakungoja pikipiki izimwe. Alishuka, akatembea mpaka kwenye benchi, viatu vikitoa sauti ya maji.

Bibi Agripina alimtazama kutoka kichwani mpaka chini.

"Amechelewa," akasema. "Mwambie."

Hakuniambia mimi. Alikuwa akimtazama Fideli. Fideli akanigeukia, nami nikapata shughuli ya kukunja mwavuli. Akamgeukia Bi Helga.

"She says you are late," akasema, na hakuongeza kitu.

Bi Helga alisema, "Najua." Akaomba maji ya kunawa, na kabla hata hajavua koti akaupokea mguu wa Sadoki kutoka kiganjani mwa mama yake, akaugeuza polepole kwenye mwanga. Ulikuwa bado umenyooka.